Kura 39,639: kwa nini Docta Mukwege hakuchaguliwa hata kwao

Matokeo ya uchaguzi wa rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wa tarehe 20 Desemba 2023 yalipotoka, watu wengi wasioishi Kivu waliuliza swali moja: imekuwaje daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, apate kura 39,639 tu katika nchi nzima? Hiyo ni asilimia 0.22. Rais Félix Tshisekedi alithibitishwa na Mahakama ya Katiba kwa asilimia 73.47, na mpinzani Moïse Katumbi akafuata kwa asilimia 18 hivi. Tuchukue kwamba kura zote hizo 39,639 zilipigwa Bukavu peke yake, bila hata moja ya Kinshasa, Goma au Uvira. Bado zingekuwa sehemu ndogo katika mji wenye watu wanaokadiriwa kufika milioni moja. Maana yake iko wazi: wengi wa waliokuwa wakishangilia msafara wake hawakumpa kura.

Mimi nilimpa. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue nasimama wapi, na ajue pia kwamba sikuandika haya kumcheka mtu aliyefungua hospitali ya Panzi mwaka 1999, wakati wengine wenye uwezo walikuwa wanaondoka. Nimeandika kwa sababu majibu yanayotolewa kuhusu kisa hiki ni mepesi mno, na yanawadharau wapiga kura wa Bukavu na wa vijiji vya jirani kuliko wanavyostahili.

Jibu linalopendwa zaidi ni kabila. Mtu akiwa Kinshasa na hajui jambo la Mashariki, husema kabila. Hapa haliwezi kusaidia hata kidogo. Familia ya Mukwege inatoka Kaziba, teritwari ya Walungu. Vital Kamerhe, aliyeongoza kampeni ya kumtafutia Tshisekedi kura huku kwetu, naye asili yake ni Walungu. Wote wawili lugha yao ya nyumbani ni Mashi, lugha ya kabila la Bashi. Kama kabila ndilo linalopiga kura, basi lilikuwa na wana wawili mbele yake, na bado halijatueleza kwa nini lilimsikiliza mmoja na kumwacha mwingine. Wapo wanaoongeza dini: kwamba baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, Panzi ni ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, na Bushi, yaani nchi ya Bashi, ni ya Wakatoliki. Lakini nenda Panzi asubuhi yoyote uwaangalie akina mama waliokaa kwenye benchi, wenye rozari shingoni. Hakuna aliyewahi kuulizwa anasali wapi.

Jibu la pili ni wizi, na hilo sitalipuuza. Uchaguzi ule siwezi kuutetea. Ulipangwa kwa siku moja, ukaendelea siku kadhaa. Karte za mpiga kura zilizochapishwa wakati wa kujiandikisha zilifutika maandishi mpaka mtu hakuweza kusoma jina lake mwenyewe. Mashine za kupigia kura zilionekana majumbani mwa watu. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe, tume ya uchaguzi, chini ya Denis Kadima, ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na udiwani kwa udanganyifu, rushwa, vurugu na kumiliki mashine kinyume cha sheria. Waangalizi wa CENCO (maaskofu Wakatoliki) na ECC (makanisa ya Kiprotestanti) waliandika mengi. Mukwege mwenyewe alikuwa miongoni mwa wapinzani waliotaka uchaguzi urudiwe. Yote hayo ni kweli. Ila wizi unaeleza vizuri zaidi pale mtu anapokosa kwa tofauti ndogo, au pale kura zake zilipoonekana kwanza kisha zikapotea. Kwa Docta, dalili zilikuwepo wiki kadhaa kabla ya mashine hata moja kuwashwa, na zilisikika sokoni.

Nichukue Kavumu, kwa sababu ndipo kisa kinaonekana wazi kuliko mjini. Kavumu ni mji mdogo wa teritwari ya Kabare, kilomita kama 30 kaskazini mwa Bukavu, kwenye barabara ya Goma, na ndiko uliko uwanja wa ndege tunaouita wa Bukavu. Kuna barabara kuu yenye vibanda pande zote, wamotari (waendesha pikipiki za abiria) kwenye njia panda, mashamba ya mihogo, maharage na migomba yanayoanza nyuma ya nyumba ya pili. Ni mahali ambapo jina la Mukwege si jina la kwenye redio tu. Kati ya 2013 na 2016 wasichana wadogo sana wa Kavumu, kiasi cha 40, walitekwa usiku majumbani kwao na kubakwa. Walitibiwa Panzi. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa hapohapo Kavumu na kuwahukumu kifungo cha maisha wanaume 11, na mmoja wao alikuwa mbunge wa mkoa. Familia zile zinajua nani aliwapokea watoto wao na nani alipiga kelele mpaka kesi ikasikilizwa.

Na tuliweke pia hili: mbunge yule alikuwa anakaa katika baraza la mkoa lililochaguliwa mwaka 2006. Uchaguzi wa wabunge wa mikoa haukufanyika 2011, na baraza lile liliendelea mpaka kura za Desemba 2018. Miaka 12 kwa kura ya siku moja. Mtu wa Kavumu aliyepiga kura akiwa na miaka 18 alikuwa na 30 alipopewa nafasi ya pili ya kumhukumu mbunge wake wa mkoa. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa vijijini huishika kura kama kitu cha kubadilishana papo hapo, anzia hapo. Hawana hakika kama kuna mara nyingine.

Sasa, mji kama huu ulimwonaje Docta kama mgombea? Wiki za kampeni, kati ya tarehe 19 Novemba na 18 Desemba, nilipita mara kwa mara barabara ile, na soko la Mudaka lililo njiani ndilo lilikuwa darasa langu. Mama mmoja mwenye kuuza maharage, aliyekuwa mweka hazina wa likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya akina mama wenzake, alinionyesha kadaftari ka shule alimoandika wanachama. Jina, nambari ya karte, shule ambako mtu atapigia kura. Juu ya ukurasa aliandika nambari tatu na kuzizungushia duara. Ya kwanza ilikuwa 20, nambari ya Tshisekedi. Ya pili ilikuwa ya mgombea wa Bunge la Taifa, na ya tatu ya mgombea wa baraza la mkoa, mtu wa kijiji cha jirani aliyewanunulia turubai la kufunika bidhaa wakati wa mvua. Nilimwuliza kuhusu Docta. Uso wake ulichanua. Alimsifu kwa muda mrefu, akamtaja dada yake aliyepasuliwa Panzi bila kudaiwa. Kisha akaniuliza, bila ubishi wowote, mtu wa Docta hapa Mudaka ni nani?

Sikuwa na jina la kumpa.

Swali lile ndilo jibu la kisa chote, na haliwezi kueleweka bila kalenda ya uchaguzi. Kupokea orodha za wagombea wa Bunge la Taifa kulifanyika kati ya Juni na Julai 2023. Zile za mabaraza ya mikoa na za makonseye wa komine, yaani madiwani wa mijini, zikafuata Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Wagombea urais ndio waliokuja mwisho, kuanzia tarehe 9 Septemba hadi 8 Oktoba. Mukwege alitangaza kugombea tarehe 2 Oktoba, mjini Kinshasa. Siku ile orodha zote za chini zilikuwa zimeshafungwa. Kila mtu mwenye jina kijijini, mwalimu mkuu, mwenye duka la dawa, rais wa chama cha wamotari, kiongozi wa kwaya mwenye ndoto za siasa, alikuwa tayari amesajiliwa chini ya nembo ya mtu mwingine.

Na hao hawakuwa wachache. Nchini kote, kwa ngazi zote, wagombea walipita 100,000. Kwa Bunge la Taifa tu walikuwa zaidi ya 25,000 wakigombania viti visivyofika 500. Siku ya kura mtu wa Kavumu alikuwa na kura tatu za kupiga kwenye mashine moja: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa mkoa. Mtu wa Ibanda, Kadutu au Bagira alikuwa na nne, kwa kuwa makonseye wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya mikoa. Skrini inaonyesha picha na nambari. Bibi asiyesoma hufundishwa nambari nyumbani kabla ya kwenda, na anayemfundisha si mgombea urais. Ni kijana wa avenyu yake anayefanya kazi ya mgombea ubunge. Kijana huyo akishika mkono wa bibi kumfundisha nambari ya mheshimiwa wake, anamfundisha na ya rais palepale. Kwa hiyo kura ya rais vijijini kwetu hupanda kutoka chini. Haishuki kutoka kwenye redio.

Kwa nini vijana hao karibu wote walikuwa wa upande mmoja? Hapa ndipo sheria yenyewe inapoingia, na ningependa watu waitazame zaidi kuliko wanavyotazama fulana na vitenge vinavyogawiwa wakati wa kampeni. Ili orodha za chama zipokelewe, marekebisho ya sheria ya Juni 2022 yalitaka chama kiwe na wagombea kwa angalau asilimia 60 ya viti vyote vinavyogombaniwa. Ili kipate kiti, lazima kivuke asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima. Wapiga kura mwaka ule walikuwa kama milioni 18, hivyo asilimia 1 ni karibu kura 180,000. Kwa mkoa kiwango ni asilimia 3, na kwa komine asilimia 10. Weka nambari hiyo ya 180,000 kando ya 39,639 uone. Mgombea wa Kabare anaweza kupendwa na bonde lake lote, na bado akakosa kiti kwa sababu wenzake wa Équateur na Kasai hawakuleta za kutosha. Kwa hiyo mtu mwenye akili anayetaka ubunge hatafuti kwanza wazo linalomfanana. Anatafuta muungano mkubwa utakaovuka. Mwaka 2023 miungano mikubwa, karibu yote, ilikuwa ndani ya Union sacrée ya rais aliye madarakani. Hata wagombea waliomheshimu Docta kwa dhati, na nilizungumza na baadhi yao, walikuwa na picha ya rais kwenye mabango yao kwa sababu muungano uliwataka hivyo.

Kwa Kivu Kusini muungano wenye mizizi mirefu ulikuwa wa Kamerhe. Mwaka 2006 mkoa huu ulimpa Joseph Kabila zaidi ya asilimia 90 katika duru ya pili dhidi ya Jean-Pierre Bemba, na Kamerhe alikuwa mmoja wa waliomnadi kwa nguvu zaidi. Akawa spika wa Bunge la Taifa, akajiuzulu Machi 2009 baada ya kupinga hadharani jeshi la Rwanda kuingizwa nchini bila Bunge kuarifiwa. Watu wa hapa hawajasahau. Mwaka 2011 aligombea urais kwa UNC, chama chake kipya, akawa wa tatu kitaifa kwa asilimia 7.7 hivi, na nguvu yake kubwa ilikuwa huku kwetu. Mwaka 2018 alijitoa kumpisha Tshisekedi kwa mapatano ya Nairobi ya Novemba. Juni 2020 alihukumiwa miaka 20 jela katika kesi ya fedha za mpango wa siku 100 za kwanza za Tshisekedi, akaachiliwa huru na mahakama ya rufaa Juni 2022, na Machi 2023 akawa naibu waziri mkuu na waziri wa uchumi. Mtu anaweza kumpima apendavyo. Ninachotaka kionekane ni kwamba tangu 2010 chama chake kimekuwa na wawakilishi, kadi, na watu wanaoitana kwa majina kuanzia Nyangezi hadi Katana. Docta alikuwa na wiki 11 kutoka kutangaza hadi kura.

Kuna wanaosema angeungana na Katumbi, kama walivyofanya Matata Ponyo, Delly Sesanga, Seth Kikuni na Franck Diongo. Pengine angepata nafasi ya kusemea Kivu ndani ya timu ile, lakini sidhani ingebadilisha mengi Kabare au Walungu, maana Katumbi pia huku alikuwa na watu wachache kuliko nusu ya waliohitajika. Na kuna wanaosema hotuba zake zilikuwa nzito: mahakama ya kimataifa, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 kuhusu uhalifu wa 1993 hadi 2003, kukataa majeshi ya kigeni. Hilo silikubali kabisa. Watu wa Kavumu wanajua zaidi ya yeyote maana ya uhalifu usioadhibiwa. Walimwelewa. Ila kuelewa ni jambo moja, na kumpa mtu kura ni kumpa kazi. Kazi wanayoihitaji kwa mbunge au kwa rais inapita kwa mtu wanayeweza kumfikia.

Nieleze kufikiwa huko, maana wengi hukuita rushwa na kumaliza. Kijana wa motari akikamatwa na pikipiki yake, familia inampigia mheshimiwa, naye anampigia OPJ, ofisa wa upelelezi wa polisi. Shamba likigombaniwa na mwenye konsesheni, yaani shamba kubwa alilopewa na serikali, mheshimiwa ndiye anayeweza kukaa mbele ya administrateta wa teritwari bila kusukumwa. Bomba la maji likikauka, anaulizwa yeye. Mwami, mfalme wa jadi, na machifu wake wana heshima, lakini sheria ya 2015 inawataka wasiwe wa chama chochote, na wengi huogopa kusimama wazi. Serikali yenyewe haina fedha ya kufika chini. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani. Haijatekelezwa kikamilifu tangu 2006. Kama fedha ile ingefika, mama wa Mudaka asingehitaji turubai la mgombea, na kura yake ya rais ingekuwa huru kufuata moyo wake. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimemsikia akimsifu Docta, na najua hakuwa anadanganya.

Mjini Bukavu mambo yalikuwa laini zaidi, lakini si tofauti. Kadutu na Bagira kulikuwa na wagombea ukonseye kila avenyu, na wengi wao walisambaza nambari nne kwa mpigo. Watu walifurahi kuchagua makonseye kwa mara ya kwanza, wakitumaini kwamba hao watawachagua mabugumestre, wakuu wa komine, badala ya kupokea wa kuteuliwa. Hilo halikutimia. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, komine bado zilikuwa na viongozi wa kuteuliwa, na tangu hapo mji uko mikononi mwao. Ibanda nilikuta wasomi wengi waliompigia Docta, wafanyakazi wa mashirika, wanafunzi wa vyuo, watu wasiohitaji mheshimiwa wa kuwatoa kituo cha polisi. Hao ndio walioweza kupiga kura ya urais peke yake, bila kuifunga na nyingine. Hawakuwa wengi, na hawakuwa Kavumu.

Nimewauliza baadhi ya waliofanya kazi kwenye kampeni yake wangefanya nini tofauti. Wanazungumza juu ya fedha, usafiri, redio. Sioni hivyo. Kazi ilihitaji kuanza mapema 2022, kabla sheria haijarekebishwa, kwa kumtafuta mtu mmoja katika kila kundi la vijiji: Miti, Katana, Kaziba, Nyangezi, Kalehe. Mtu anayeaminiwa na likelemba na wamotari, akubali kugombea ubunge wa mkoa chini ya nembo ya Docta, hata akijua kwamba asilimia 3 itamshinda mara ya kwanza. Wagombea wa namna hiyo wapo. Wengine niliwakuta 2023 kwenye orodha za watu wasiowapenda, kwa sababu orodha waliyoingoja haikuwahi kufunguliwa. Wakati Docta anasimama Kinshasa tarehe 2 Oktoba, mmoja wao wa Kabare alikuwa ameshalipia mabango yake miezi miwili iliyopita, yenye uso wa rais mwingine.